Bosi kafuta a na b zangu

Shoga, nimechafukwa na roho!

Unaikumbuka fankisheni yangu, kile kipande cha programu kinachoandaa lebo za dawa? Ile inayopewa orodha, pamoja na fankisheni nyingine ya kugeuza kila kilichomo?

Juu yake niliandika wazi: leta orodha ya a, leta na fankisheni ya kugeuza a kuwa b, utapata orodha ya b. a ni aina yoyote ya data, iwe dozi au simu, mradi iwe ileile pande zote; zikitofautiana, kompyuta inakataa.

Bosi kafuta herufi zote. ZOTE! Kila mahali kaweka "chochote". Eti, "Mashine ilikuwa inanikatalia, nikairahisishia."

Sasa leo mfamasia kachapa lebo za kwanza, anasoma mbele yetu: "Meza vidonge milioni mia saba na..."

Akaisogeza lebo karibu na macho. Ni namba ya simu ya mgonjwa! Namba ya simu, shoga, kwenye fankisheni ya dozi! Bahati tu hakuna aliyekabidhiwa dawa.

Na bosi, bila hata haya, ananigeukia mimi: "Mbona mashine haikutuonya?"

Haikutuonya! Naona kinyaa hata kukaa naye meza moja.

Ilimwonya yeye. Akaiziba mdomo.