Gari Yako Imewaka, Baraka

Baraka, wewe uliyefungua tumbo langu,

Gari yako imewaka jana. Nakuambia hilo kwanza maana nakujua: ungekuwa hapa ungeuliza habari ya gari kabla ya kuniuliza kama nimekula. Lakini vile iliwaka, na kilichofuata, njo kinanikalisha hapa na bic mukononi. Unajua shule yangu ilikuwa fupi. Soma tu vile ningesema.

Tangu ulipopanda pikipiki kwenda kule mji wa Kiwanja, kutengeneza ile lori ya maharagi iliyokufa njiani, mimi njo niliangalia gari yako. Ulisema mashimo ya barabara ile yataivunja, ukaiacha hapa kwetu Mugunga, juu ya mawe ya volkano. "Mama, narudi kesho. Iwashe kidogo asubuhi, batiri isilale." Kisha vita vikafunga njia, simu yako ikanyamaza, na mutu wa pikipiki akarudi peke yake. Alisema alikuacha chini ya lori, miguu tu inaonekana, unaimba. Toka pale hakuna mutu aliyetuletea habari yako.

Basi kila asubuhi niliiwasha. Majirani walicheka, wacha wacheke. Mama gani mwingine hapa anajua kusikiliza mashini? Si nilizaa fundi ambaye watu walitoka mpaka Sake kumutafuta! Fundi aliyejua ugonjwa wa gari ikiwa bado inaingia mulangoni! Na ulinifundisha mwenyewe, kichwa chako ndani ya kapo, kile kifuniko cha mbele, mimi kwenye usukani na kitenge changu cha kanisani. "Mama, weka kontakti, geuza ufunguo. Acha. Weka tena. Umesikia?" Nilikuwa sisikii kitu, nasema nimesikia. Ulicheka mpaka ukagonga kichwa.

Majuma haya ya mwisho nilianza kusikia kweli. Nageuza ufunguo, mashini inazunguka polepole, kwa shida: nge... nge... nge... Baraka, ile ilikuwa sauti yako. Vile ulikuwa unalalamika ukiwa na malaria, uso kwenye ukuta. Siku moja nilichomoa ufunguo, nikakaa kimya kabisa, na nakuapia, ilifanya "nge" tena mara moja. Ufunguo ulikuwa ndani ya mukono wangu. Sikumuambia mutu.

Njo wakati ule baba yako mudogo alikuja baada ya misa. Alikaa, akakataa chai, nikajua ni maneno mazito.

"Shemeji, mutoto hawezi kubaki katikati hivi. Jumamosi familia ikusanyike. Tumulilie, tugawe vitu vyake kama desturi, naye apumzike."

Katika vitu hivyo gari ni yake yeye, ndugu ya baba yako. Hakulisema kwa tamaa, alikuwa analia. Lakini unajua kinywa changu.

"Gari iko hai," nilimujibu, "na mwenye gari iko hai. Siku itakataa kuwaka, njo mutalia. Leo kunywa chai."

Furaha, muke wako, alikuwa pale anachagua maharagi. Hakuinua kichwa.

Kesho yake gari ilizunguka mara moja na kukata. Nikaita Kasereka, yule rafiki yako wa garaji. Alikuja na batiri nyingine, mupya, akafunga. Nge... nge... Sawasawa na ya kwanza.

"Mama Baraka, batiri si mugonjwa," alisema. "Labda demarere, ile inayozungusha mashini. Tuitoe?"

"Kwanza washa taa za mbele," nilimuambia. "Nakupigia kontakti, wewe uangalie."

"Eh! Profesa amefika!"

"Angalia taa, wewe mutoto wa Wanande."

Taa zilipungua lakini hazikufa. Halafu nikashuka, nikaweka mukono juu ya kamba nene za batiri, moja moja, vile ulinionyesha: yenye moto njo yenye ugonjwa. Ya kwanza baridi. Ile nyeusi, inayofungwa kwenye mwili wa gari, ilikuwa na moto kule kwenye boloni, ile skurubu inayoikaza, sawa paji la uso la mutoto. Mimi nimegusa homa nyingi, Baraka. Ile nilijua.

Ni moshi wa volkano na mvua yake. Vile unakula mabati yetu, ulikula na chuma pale chini. Wewe ulikuwa umepaka grisi juu ya boloni ili kuikinga. Kasereka aliinama na kisu chake, akasimama hivyo, hakukwangua.

"Mama, kuja uone."

Ndani ya grisi, iliyokauka sasa, kulikuwa na alama ya kidole gumba chako. Mistari yote. Na ule mukato wa bati uliojikata ukiwa mudogo, unaopita katikati.

"Tuache?" Kasereka aliuliza. "Naweza kupeleka kamba upande mwingine."

Niliangalia mpaka macho yakauma. Nikafikiri: nikiacha, nitakuwa nakuja kila siku kufungua kapo kama mutu anafungua jeneza.

"Kwangua," nilisema.

Alikwangua mpaka chuma ikang'aa, akafunga boloni kwa nguvu, nikapanda. Gari yako iliruka na kulia kwa mara ya kwanza toka majuma mengi, ile sauti yake nzima, sauti ya wewe unaporudi nyumbani.

Na Furaha alitoka jikoni anakimbia. Unga mikononi, anajipangusa, anatengeneza kitambaa cha kichwa, anakuita kwa jina la mutoto wenu, "Papa Amani! Papa Amani!" Alifungua mulango wa dereva, akanikuta mimi. Akaangalia kiti cha nyuma. Akazunguka gari yote, kweli akaizunguka. Kasereka aligeuza uso kwenye ukuta.

Nilizima.

"Kila asubuhi, Mama," Furaha alisema. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. "Kila asubuhi nikisikia ufunguo, najifunga kitambaa."

Mimi nilifikiri nakuchungia batiri. Kumbe nilikuwa namuamusha mutoto wa watu kila siku na sauti yako, halafu namupa usukani mutupu.

Jioni nilituma neno kwa baba yako mudogo. Jumamosi waje. Gari akamate yeye, aende nayo upande wa Goma mjini, mbali na masikio yetu. Iko vizuri sasa, asije akasema nilimupa gari mugonjwa.

Basi Jumamosi tutakulilia, mutoto wangu. Kama uko mahali, kuja utuharibie kilio. Ingia katikati ya nyimbo, utukane kila mutu, uniulize nani aligawa vitu vyako nawe unapumua. Nitacheka mbele ya padiri, sitaona haya. Na kama hauko, pumzika. Asubuhi nitaacha nyumba inyamaze.

Mimi mama yako, niliyekuzaa na bado najivuna.