Jedwali la Joto Uliloniachia

Baba Mwende,

Naandika nikiwa nimekaa chini kando ya mashine yako ya kuangua vifaranga. Sina mwingine wa kumwambia haya, na kosa lilikuwa lako. Nisamehe nikianza hivyo.

Tulipokuzika, akina mama wa hapa Kanyangi waliniletea mayai kama kawaida, kila mmoja ameandika jina lake kwa penseli juu ya ganda. Nikapanga, nikawasha. Kioo cha namba kikasema joto ni digrii kumi na mbili, mara tisa, na balbu inayopasha joto ikakataa kuzima. Mkono wangu uliniambia ndani kunachoma. Lakini programu uliandika wewe. Nikaamini kioo.

Siku ya tatu nikavunja moja. Lilikuwa limeiva, jeupe, kama la kuchemshwa. Yote yalikuwa hivyo.

Niliyarudisha kwa kiondo, nyumba kwa nyumba, kila mtu na jina lake. Mama Kioko alinusa lake akaniuliza, "Sasa hili ni la chai ama la kuzika?" Wakacheka. Nililia nikifika mtoni. Mama yako hakucheka. Alinipa mayai ishirini ya kuku wake akasema, "Jaribu mara moja tu. Ikikataa, tuwauzie mashine watu wa vyuma vikuukuu kule Malili."

Basi nikafungua laptop yako. Wajua niliachia darasa la nane. Yale maandishi nayasoma kwa kidole. Nikakumbuka wiki yako ya mwisho, miguu imevimba, laptop juu ya blanketi. Uliniambia lile jedwali refu, linalogeuza namba ya sensa, kile kidude cha kuhisi joto, kuwa digrii, limejaza kumbukumbu ndogo ya chip, kwa hivyo umelihamishia kumbukumbu kubwa inamokaa programu yenyewe. Nikauliza, kwani kuna tofauti? Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mahindi yamehamia ghalani, mama. Ukienda kutafuta kwa sufuria, utachota chochote kilichobaki humo."

Na wewe mwenyewe ulienda kwa sufuria, Baba Mwende.

Jedwali ulilihamisha, lakini mstari wa kulisoma uliuacha vile vile wa zamani. Chip ilikuwa inachota namba yoyote iliyolala kwa kumbukumbu ndogo, inaiita joto. Uliharakisha. Ulitaka uniachie kitu kinachofanya kazi, na nguvu zilikuwa zimekwisha. Hata kijiko nilikuwa nakushikia.

Kwa daftari lako la bluu nilipata lile neno la kusoma kutoka ghalani: pgm_read_word. Nililinakili herufi moja moja. Mara mbili laptop ilikataa, mara ya tatu ikakubali. Nikaweka ndani kile kipimajoto tulichokuwa tunampimia Mwende homa, nikangoja. Kioo thelathini na saba na nusu. Kipimajoto thelathini na saba na nusu. Nikakulilia upya, kwa sababu namba zako zote zilikuwa sawa. Zilikuwa humo wakati wote, hakuna aliyezisoma.

Leo ni siku ya ishirini na moja. Asubuhi yai moja limetoboka. Mengine kumi na tisa yako kimya, na sijui kama yataamka. Mwende aliweka sikio kwa mbao akaninong'onezea, "Mama, kuna mtu ndani."

Mama yako alikuja, akachungulia kwa kidirisha cha mashine, akageuka akaondoka. Nikajua mashine imeenda Malili. Kumbe alienda kwa kinu. Amerudi sasa hivi na chenga za mahindi kwa kiganja, laini, za kutosha kifaranga mmoja.

Pumzika basi. Nakuahidi hii mashine haitoki hapa, na Mwende nitamfundisha kusoma daftari lako. Lakini kila nikiwasha, nitapima kwanza na kile kipimajoto cha homa, hata kama ni wewe uliyeandika. Na mkono wangu ukisema kunachoma, nitausikia.

Wako,
Mama Mwende