Gari Limesahau

Jumatatu, 15 Juni 1998

"Gari limesahau, mama. Lipe siku tatu, litakumbuka." Maneno ya fundi Anaeli. Upuuzi! Ng'ombe hukumbuka njia ya mtoni. Mtoto husahau somo. Chuma na waya havikumbuki wala havisahau. Wanaosahau ni mafundi, nao husahau kukaza nati.

Lilikuwa likizimazima; Ijumaa alisafisha njia ya hewa ya injini. Bado nikisimama tu, mngurumo unashuka, gari linatetemeka, linazima. Leo mara nne kati ya Njiro na Themi. Nyuma yangu honi kama harusi.

Jumanne, 16 Juni

Nimeanza makala yangu ya gazeti la Jumamosi. Nitamtaja kwa jina, na gereji yake. Soko huria limetuletea magari yenye kompyuta, na matapeli wa kuyatungia hadithi. Aya tatu kwa pumzi moja. Hasira tamu.

Najua nguvu ya kalamu yangu. Mwenye bucha niliyemwandika mwaka juzi hakumaliza mwezi kabla ya kufunga.

Jumatano, 17 Juni

Nimekwenda Themi kumpa Anaeli nafasi ya kujitetea. Akaniamkia, nikaitikia kwa ukali. Akaeleza upya. Alipofungua betri ili afanye kazi, kompyuta ya injini ilipoteza vipimo vya hewa na mafuta ilivyojifunza. Niwashe, nisikanyage mafuta, lingurume lenyewe dakika kumi. Kisha niliendeshe taratibu siku tatu.

Nikamwambia tangu Ijumaa zimepita tano. Akafungua boneti, akashika kichwa cha waya wa betri. Kimelegea.

"Mama, nani anafungua hii?"

"Mimi. Kila jioni. Wezi."

"Kila jioni?"

"Tangu gari la marehemu baba."

Akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama wee! Jioni unafuta ubao, asubuhi unamchapa mwalimu!"

Sikucheka. Miaka ile ya uhaba, betri ilikuwa dhahabu. Kila mwenye gari mtaani alifungua waya jua likizama. Uhaba umekwisha. Mkono wangu haukuambiwa. Aibu.

Alhamisi, 18 Juni

Waya sikuugusa. Asubuhi betri ilikuwepo.

Dakika kumi ndani ya gari, miguu imekunjwa, hakuna wa kubishana naye. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Meru hadi kwenye uzio. Mlima haupo. Jirani hayupo. Mngurumo ukapanda, ukashuka, ukapapasa, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyozaliwa. Migomba ikajitokeza jani moja moja. Nilikuwa naelea. Nilikuwa na miaka saba, nimelala kiti cha nyuma, baba anaendesha, hakuna anayesema kitu.

Dakika ishirini na tano zilipita. Makala sikuigusa.

Ijumaa, 19 Juni

Kikatiti na kurudi, polepole. Ng'ombe walivuka barabara bila haraka yoyote, nikasimama. Injini ilinguruma chini, sawasawa. Haikuzima.

Mhariri amepiga simu, anataka makala ya fundi. Nimeichana. Nimempelekea nyingine, fupi, kosa likiwa langu na jina langu juu. Inaishia hivi:

Ninyi wenye magari ya kompyuta mnaofungua betri kila jioni, acheni. Na kabla hamjamwita fundi wenu tapeli, rudini gereji mkamwoneshe mikono yenu inafanya nini akiwa hayupo.