Kiti cha Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Wifi ameanza kazi leo. Mke wa kaka, mwezi wa pili tu tangu aolewe, na tayari ana cherehani yake ndani ya karakana yetu. Mama kamkalisha kulia kwake, dirishani, penye mwanga. Mimi nipo kushoto, karibu na meza ya kukatia, palepale nilipokaa miaka kumi na tisa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sijapona, nimeugua.

Anashona vizuri. Naandika mara moja tu, sirudii.

Jumatano, 5 Machi
Mama kaamka saa kumi na mbili analalamika mkono wa kushoto umekufa ganzi. Eti kaulalia. Na kichwa kizito. Nikamwambia abaki nyumbani, akanijibu gauni la bibi harusi halijishoni.

Saa nne nikampelekea chai, nikaiweka kwenye pembe yangu ya meza kama siku zote. Hakuigusa. Wifi akaleta yake upande wa pili — ikapokelewa, ikanywewa, ikashukuriwa. "Ahsante mwanangu, umenikumbuka." Umenikumbuka! Yangu ikapoa mpaka ikafanya utando.

Mchana vilevile. Maharage nimepika mimi, mboga kapika wifi. Sahani moja, mboga kulia, maharage kushoto. Mboga kazimaliza. Maharage hata punje moja hakugusa, kisha anauliza mbona leo kapewa chakula kidogo. Nimeosha ile sahani huku nalia kwa hasira. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu tumemtolea mahari wenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Hanitazami. Si kwamba ananitazama vibaya — hanitazami kabisa. Nimemwomba mkasi mara mbili, akageuka kulia kumuuliza wifi anataka nini. Basi nami nikanuna. Asiponitazama, simtazami. Nimeshona kutwa nzima macho kwenye sindano.

Kajigonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, mlango anaopita tangu sijazaliwa. Akasema fundi aliyeujenga hakujua kupima. Halafu gauni la bibi harusi: upindo kaushona nusu, upande wa kushoto unaning'inia, naye kalikunja kasema tayari. Nimeumalizia kimya kimya ili wifi asipate la kusimulia.

Wifi kanifuata kwenye pasi. Anasema, wifi, mama haoni upande ule unaokaa wewe, tumpeleke hospitali leo, tusingoje kesho. Bibi yake alianza hivyohivyo. Nikamuuliza, miezi miwili humu ndani ndiyo unataka kunifundisha mama yangu? Uzee huo, na uchovu wa gauni. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Nikaona nimeshinda. Nimefurahi kweli, hadi nimeimba nikipiga pasi.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nilifika mapema nikakaa kwenye kiti cha wifi. Ndiyo, makusudi. Alipokuja akaenda kukaa kwenye mashine yangu.

Mama akaingia, akaketi, akageuka kulia. Akaniona. Akatabasamu — upande mmoja tu. Wa kushoto umelegea, pembe ya mdomo imeshuka. Sijui ni tangu leo au tangu juzi. Nilikuwa nimenuna.

"Ulikuwa wapi wewe?" ananiuliza, ulimi mzito. "Tangu juzi namuuliza mwenzako, ananiambia upo. Nikajua mnanificha jambo."

Alikuwa ananitafuta. Siku mbili ananitafuta, mimi nipo hatua moja kutoka kwake nahesabu vikombe vya chai.

Nikamwambia ainue mikono yote miwili. Wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukafika kifuani, ukashuka wenyewe taratibu. Naye anasema, haya, nimeinua yote. Nilipomgeukia wifi, alikuwa keshazima mashine, simu sikioni, anaelekeza gari mlango wa kuingilia.

Ijumaa hiyohiyo, saa sita, benchi la hospitali
Kiharusi. Daktari hakuzunguka. Wamempeleka kupigwa picha ya kichwa. Anasema kuna dawa inayofaa saa za mwanzo tu, na hizo zimeshapita. Sasa wanazuia kingine kisije. Kama mkono utarudi, hajui. Mkono wa fundi!

Anataka kujua ilianza lini hasa. Siku, saa, dalili moja moja. Kaka alipigiwa simu, hajui. Wifi akasema Alhamisi, ndipo yeye alipoona. Mimi nikasema Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, ganzi na kichwa. Una uhakika, mama? daktari akaniuliza. Nina uhakika. Nimeandika.

Nesi katuachia karatasi, tujaze kila kitu kabla picha haijatoka. Mimi nimeshika daftari hili. Wifi kachukua karatasi na kalamu. Anasema, nisomee tu, wifi, mimi nitaandika.

Chai, maharage, mlango, upindo. Vyote vimo, na saa zake. Na mengine yote niliyoandika juu yake yamo, mstari kwa mstari, hayatenganishiki. Nimemwambia angoje nimalizie sentensi.

Anangoja. Kakaa kushoto kwangu. Bado sijageuka.