Mama Atasafiri kwa Ndege Siku ya Krismasi

Eldoret, Jumapili jioni, Desemba. Mchana jua limewaka vizuri, sasa upepo baridi unapigapiga mabati, nami nimejifunika shuka hapa mtaani Kimumu nikiwa na furaha tele.

Tiketi ya Mama imepatikana!

Kaka yangu Kiprono anafanya kazi Mombasa, na mkewe amejifungua mtoto wao wa kwanza, msichana. Mama yuko nyumbani kijijini Kaptagat, na magoti yake hayawezi tena safari ndefu ya basi. Kiprono akasema atamlipia ndege, akaniachia mimi kazi ya kuchagua siku. Mama hajawahi kupanda ndege. Mjukuu anamwona kwenye simu tu, na kila simu ikikatika hukifuta kioo kwa leso, kisha hurudi kwa ng'ombe wake.

Nikajiona mjanja. Wiki ya Krismasi kila mtu anasafiri na bei haishikiki, kwa hivyo nikachagua Jumanne ya wiki iliyotangulia, viti vikiwa bado vingi. Mama sikumwuliza. Nilitaka kumshangaza.

Kumbe Jumanne hiyo ndiyo zamu yetu ya mashine ya kupukuchua mahindi.

Mimi, binti wa mkulima, ninayeuza mbegu dukani mwaka mzima, nimesahau mahindi! Mashine huzunguka boma hadi boma. Ukikosa zamu yako unangoja Januari, na mvua ikija mapema mahindi yanaozea shambani ukiyaangalia. Nilipompigia Mama, hakupaza hata sauti.

"Chebet, mahindi haina miguu ya kuingia store yenyewe. Mwambie Kiprono nitakuja mwaka ingine."

Mwaka mwingine mtoto atakuwa anakimbia. Niliona aibu, kisha nikakasirika, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Bahati nzuri nilikuwa sijalipa.

Leo baada ya kanisa nikaishika simu tena. Kabla ya mashine haiwezekani. Baada ya mashine, ndege zimejaa mpaka mkesha wa Krismasi. Na sikukuu ikipita tu, wifi yangu anampeleka mtoto kwao Taita akakae huko na nyanya yake mwingine. Lakini siku ya Krismasi yenyewe, mchana, viti viko na bei imetulia. Nani anasafiri siku ambayo kila mtu ameshafika?

Niliogopa kumwambia. Kwetu Krismasi ni kanisa, halafu mbuzi, halafu chai mpaka giza liingie, na Mama ndiye mwenye sufuria zote. Nikapiga hivyo hivyo.

"Hiyo siku ndege inaendeshwa na nani?" akauliza. "Dereva hana kanisa?"

Nikamwambia hata rubani ana zamu, kama mashine ya mahindi. Akacheka, akasema atafikiria. Nikakata tamaa, kwa sababu Mama akisema atafikiria huwa ameshakataa.

Chai yangu haikuwa imepoa simu ikalia.

"Lipa," akasema. "Nimeongea na wamama wa kanisa. Tutaomba mapema, alafu watanisindikiza wote mpaka airport. Chakula tutabeba."

Nimelipa, halafu nikacheka peke yangu. Nimehangaika kutafuta siku isiyo na msongamano, na sasa kanisa zima litajaa kwenye maegesho ya uwanja wa ndege na sufuria za pilau. Bado sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, hawatamruhusu kuingia nacho ndani ya ndege.

Nitabaki na ng'ombe wake, na itakuwa Krismasi yangu ya kwanza bila yeye. Naona wivu kidogo, siwezi kudanganya. Lakini nikipiga hesabu ya ile safari, moyo unatulia: Mama atakuwa amempakata mjukuu wake kabla sisi hatujamaliza kuosha sufuria.