Maua Yaliyolala Kwenye Friji ya Bucha

Kwako Dada Nekesa,

Mfuko wako nimeupokea. Nimeufungua, nimevitazama vile vitunguu vya maua, nimesoma na kikaratasi ulichoandika kwa kalamu ya kijani: "Mwaka huu lazima nije. Mama apande mapema." Halafu nimeufunga tena. Nakuandikia nikiwa na hasira na sitaki ipoe, kwa sababu ikipoa nitakupigia simu, na kwa simu hakuna anayekushinda.

Umeshinda kwa maneno tangu tukiwa wadogo. Unakumbuka ule udongo mwekundu tuliouiba Makadara? Kulikuwa na nyumba inajengwa, na Mama alikuwa amelalamika kwamba udongo wa hapa Kaloleni umechoka. Tukaenda na karai, wewe mbele, mimi nyuma. Mlinzi alipotukamata ukaninong'oneza, "We nyamaza, mimi ndio nitaongea." Ukamwambia ni udongo wa kumzika paka wa mwalimu. Alicheka mpaka akatusaidia kujitwika karai. Siku hiyo nilikupenda kuliko mtu yeyote. Nilidhani maneno yako ulikuwa unawatengenezea watu wa nje tu.

Mwaka jana nilikuambia wazi alichosema daktari. Presha ya macho. Matone yanachelewesha tu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Nikakuambia Mama anataka akuone wakati bado anaona. Hakuomba kitu kingine. Ukasema utatuma maua ya huko Uholanzi, yale mnayopakia kwenye maboksi kazini kwenu. "Mama ayapande. Yakichanua, nitakuwa nimesimama hapo kwa mlango."

Na masharti yako je! Vitunguu vikae baridini wiki kumi na mbili kwanza, ndipo vidhani majira ya baridi yamepita. Baridi ya wapi, Nairobi hii? Friji yetu unaijua, stima ikipotea inageuka kabati. Mama akavipeleka kwa Baba Njoroge wa bucha.

"Mama Nekesa, hizi ni onion za wapi?"

"Si za kula. Ni za mtoto wangu. Ziache zilale."

Akaziweka chini kabisa, kando ya matumbo. Kila Jumamosi Mama alikwenda kuzikagua, akishika kuta za nyumba za watu njia nzima, kwa sababu pembeni tayari alikuwa haoni kitu. Siku moja alifika akakuta kijana wa kukata nyama ameshamfungia mteja mbili pamoja na maini. Soko zima lilimsikia. "Wee! Rudisha hiyo, ni ya Nekesa!" Watu walicheka, na mimi nilicheka. Sasa nikikumbuka naona aibu.

Unajua hapa hakuna anayemwita jina lake. Ni Mama Nekesa asubuhi, Mama Nekesa jioni, kanisani, kwa mama mboga, kwa foleni ya maji. Mimi ndiye ninayemshika mkono, mimi ndiye ninayemtia matone, na anaitwa kwa jina lako. Desturi ni desturi, wewe ndiye kifungua mimba. Lakini usidhani hainiumi.

Tulipanda Januari. Nilichimba mimi, yeye akiwa amepiga magoti kwenye gunia, akipima kina kwa kiganja. "Ncha iangalie juu, Wafula. Umegeuza hiyo. Ncha juu." Alivipapasa kimoja kimoja kabla sijavifunika. Jua lilipokuwa kali, alichomeka vijiti na kuvitandazia leso yake ya Jumapili, ile ya kahawia. Nilimwambia itaharibika. Akasema leso zipo nyingi.

Mwezi wa tatu yakachanua. Tisa kati ya kumi na mawili. Mama aliinama mpaka pua ikagusa ua. "Ni nyekundu," akasema. "Eh! Ni nyekundu kweli." Kisha hata kabla hajainuka: "Mpigie Nekesa. Mwambie yamefunguka."

Nikakupigia. Simu ilikuwa kwenye spika, yeye yuko hapo na udongo magotini. Ukasema, "Aki Wafula, sai huku kazi ni kunoma. Hii ndio msimu wa maua, hakuna mtu anapewa likizo. Nitumie picha basi."

Hii ndio msimu wa maua. Nekesa, ulikuwa unajua! Kila mwaka mwezi huo mnafanya kazi bila kupumua, umetueleza mara ngapi? Ulimwahidi Mama wakati ule ule ambao huwezi kuja, ukamwekea ahadi yenyewe ndani ya ardhi aimwagilie maji. Kama ungesema "siwezi", angelia siku mbili, akazoea. Wewe ukaona vigumu kusema neno moja, ukampa kazi ya miezi sita.

Na bado alikutetea. "Kazi ni kazi," akasema. "Labda mwisho wa wiki." Akafunga kitambaa chake cheupe cha akina mama wa kanisa, akaketi kwenye kigoda mbele ya mlango. Siku ya saba maua yakapukutika. Asubuhi aliponiuliza kama bado yapo, nikamwambia yapo. Nilimwambia hivyo siku tatu. Ningemwambia vipi yameisha, wakati kwake kuisha kwa maua ndiko kuisha kwa muda wako? Siku ya nne akateremka mwenyewe, akapapasa chini, akaokota petali moja iliyokauka. Aliisugua kwa vidole, akaingia nayo ndani. Uongo huo ni wangu, nitaujibia mimi. Lakini nani aliyenifikisha hapo?

Agosti macho ya Mama yakapofuka kabisa. Nilikuambia. Ukalia kwenye simu, nikakuamini. Halafu juzi napigiwa na mfanyakazi mwenzako, yuko hapa Donholm kwa dada yake, nikachukue mzigo. Yuko kwa likizo ya wiki tatu, Nekesa. Ananiambia na wewe una siku zako hujazitumia, "huwa anasema atakuja tu". Sikuweza kumaliza chai yake.

Mama hajui mfuko umefika. Akijua atauchukua na kwenda nao kwa bucha, na safari hii haoni hata ukuta. Kwa hiyo namrudishia mwenzako mfuko huu. Anasafiri Jumapili, atakukabidhi pamoja na barua hii. Sipandi tena ahadi yako katika bustani ya mama yangu.

Uso wako hatauona tena. Hilo limepita, na usije ukilia juu yake mbele zake. Lakini masikio yake ni mazima. Gari likisimama nje, anainua kichwa na kuniuliza, "Nani huyo?" Kila mara ninamjibu jina la mtu mwingine. Nimechoka kulijibu swali hilo, dada. Njoo ulijibu wewe.

Ni mimi,
mdogo wako, niliyebaki na mama yako.