Hati ya Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Mageuzi yamefika ofisini: kompyuta moja! Na amri kwamba majalada yote ya gereza yaingizwe humo kabla ya Ijumaa, kamati ya ukaguzi inakuja. Majalada elfu mbili, karani mimi peke yangu. Haya. Nimepewa Fundi anibebee maboksi — mahabusu, ndiye anayetutengenezea viti. Miaka mitano ndani, kesi bado. Jalada lake nimeliingiza tu. Wako wengi.

Jumanne, 4 Machi
Fundi kaniuliza, Mama, mashine hiyo ikishanijua itanitoa? Nikamwambia hata mimi hainijui. Tukacheka. Kiti changu hakiyumbi tena.

Jumatano, 5 Machi
Nimeiona. Hati ya mahakama: kesi ya Fundi imefutwa, aachiwe huru. Ya miaka miwili iliyopita! Imebanwa kwenye jalada la mwingine. Ni mtindo wetu — hati za waliorudi kutoka mahakamani kwa gari moja tunazipiga pini pamoja, tutazitenganisha baadaye. Sahihi ya kupokea ni yangu.

Mama yake alifariki mwaka jana. Fundi aliomba akamzike, akakataliwa. Barua ya kumkatalia niliichapa mimi.

Nilidhani nitalia. Nikala chakula chote, nikaosha bakuli.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempelekea mkuu wa gereza. Kasoma mara mbili, kafunga mlango, kasema: Kamati ipite kwanza, wiki ijayo tunamtoa kimyakimya. Ukifungua mdomo, mimi na wewe kazi hatuna, fikiria wanao. Nikasema sawa, afande. Sawa! Miaka kumi na tisa nasema sawa.

Mume wangu kauliza nina nini. Nikasingizia kichwa.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika chooni. Kamati imekaa ofisini kwangu, Fundi ndiye aliyewaletea viti. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, kauliza: yuko aliyepaswa kutoka na bado yumo? Mkuu kajibu hakuna. Mama akanigeukia: karani, na wewe unasemaje?

Fundi alikuwa amepiga magoti, anajaribu mguu wa kiti cha yule mama.

Nikaomba dakika moja. Hati iko hapa mapajani.

Mlango unagongwa. Si mkuu. Ni Fundi, ananong'ona: Mama, wanakungoja. Unaumwa? Nikuombee ruhusa?